Mzigo wa Kurudi

Wasomaji wangu wamezoea kunikuta nikijadili bajeti, katiba na madaraka ya serikali za mitaa. Leo naomba waniwie radhi, kwani nitazungumzia treni ya kuchezea. Haikununuliwa dukani ikiwa imekamilika. Ni treni ambayo mimi na binti yangu wa miaka kumi na mmoja tumekuwa tukiiunda kwa miezi minane sasa katika baraza ya nyumba ya baba yangu mjini Bagamoyo, juu ya ubao wenye urefu wa mita mbili na nusu. Reli zake niliziagiza kutoka nje, kichwa cha treni nilipewa na mzee mmoja nitakayemtaja baadaye, na mabehewa tunayaunda wenyewe kwa kadibodi, vipande vya makopo na gundi. Baba, mwenye umri wa miaka themanini na miwili, aliyeitumikia reli kwa zaidi ya miaka thelathini, huketi pembeni kwenye kiti chake cha kamba na kututazama kama mkaguzi aliyeshuka kituoni bila taarifa.

Ubao wetu unaonyesha njia ya Ruvu hadi Mnyusi. Lipo daraja la Wami lililoundwa kwa njiti za mishikaki, upo mbuyu mmoja, na kipo kituo kidogo kilichoezekwa kwa bati la kopo la maziwa. Kazi ilikwenda vizuri hadi siku nilipotaka kuongeza tawi moja: reli ya kutoka Ruvu hadi ufukweni, yenye stesheni iliyoandikwa BAGAMOYO kwa herufi kubwa. Stesheni hiyo haikuwahi kuwapo duniani. Nilidhani baba angefurahi kuiona, walau kwenye ubao.

"Itapakia nini?" akaniuliza.

Nikamwambia kwamba huu ni mchezo tu.

"Kama ni mchezo, mbona daraja la Wami umelipima kwa rula?" Akaisogeza miwani yake. "Treni ya mizigo, mwanangu, haiendi mahali kwa sababu mahali pale panapendeza. Nani analeta mzigo? Unakwenda kwa nani? Na behewa likishashusha, litarudi na nini?"

Nina shahada ya uzamivu. Nimefundisha historia ya uchumi wa nchi hii kwa miaka kumi na minne. Sikuwa na jibu.

Baba aliajiriwa mwaka 1963, mwaka uleule njia ya Ruvu hadi Mnyusi ilipofunguliwa. Wanafunzi wangu wengi hawaifahamu njia hiyo, wala siwalaumu, maana vitabu vyetu huitaja kwa mstari mmoja na kupita. Wakati wa Uhuru, Tanganyika ilikuwa na reli kuu mbili zisizoonana. Ya kwanza ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikapanda polepole kuelekea Usambara na hatimaye Moshi. Ya pili, Reli ya Kati, ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Zote mbili zilichorwa kwa fikra moja, yaani kuyateremsha mazao ya bara hadi melini kwa njia fupi iwezekanavyo. Hapakuwa na reli ya kulitoa behewa Morogoro na kulifikisha Korogwe, ingawa pande zote mbili zilikuwa nchi moja, chini ya bendera moja.

Kiungo cha Ruvu na Mnyusi, chenye urefu wa karibu kilomita 190, kilipita bara ya Bagamoyo, kikauvuka mto Wami na kuziunganisha reli hizo mbili. Kwa maoni yangu hilo ni mojawapo ya mambo makubwa ya miaka ya mwanzo ya Uhuru tusiyoyasherehekea. Reli za mkoloni zilikimbilia baharini. Hii ilikwenda sambamba na pwani, ikiwapelekea watu wa nchi hii bidhaa za wenzao. Kwa miaka mingi baba alikuwa stesheni masta katika kituo kimoja kidogo kaskazini mwa Wami. Palikuwa na nyumba tatu za reli, tanki la maji, mwembe mmoja, na daftari kubwa lenye jalada gumu ambalo watoto tulikatazwa kulikaribia. Ndani yake aliandika namba ya kila behewa, lilichobeba, lilikotoka, linakokwenda na saa lililopita. Saruji ya Tanga ilishuka, sukari ya Moshi ilishuka, mkonge ulikwenda huku na huku, mbolea na mafuta vilipanda. Nilijifunza jiografia ya Tanzania kwa kusikiliza baba akisoma namba kwenye simu ya kuzungusha mkono.

Mimi nilikuwa na treni yangu mwenyewe. Nilikusanya makopo ya samaki, nikayatoboa kwa msumari, nikayaunga kwa waya na kuyafungia visoda viwe magurudumu. Nilijaza mchanga makopo yote na kuyaburuta kuuzunguka mwembe. Jioni moja baba alitoka ofisini, akanitazama kwa muda, kisha akaniuliza, "Mchanga huo unampelekea nani?" Nilikuwa na miaka sita au saba. Sasa nina arobaini na sita, na ananiuliza swali lilelile.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 treni za abiria zikakoma, na za mizigo zikazidi kuwa chache. Hakuna aliyekuja kutangaza kwamba njia imekufa. Daftari ndilo lililosema: kwanza mistari kumi kwa siku, kisha mitatu, kisha kurasa ambazo tarehe iliandikwa na chini yake hapakuwa na kitu. Baba aliendelea kuandika tarehe. Alistaafu, tukahamia Bagamoyo kwa bibi, na vichaka vikaota kati ya mataruma.

Kuhusu kichwa cha treni: nilipokuwa nikisoma shahada ya uzamivu Ujerumani, nilipanga chumba kwa mzee mmoja aliyestaafu kazi ya reli. Alikuwa mwanachama wa kikundi cha waundaji wa treni ndogo, waliokutana kila Alhamisi katika chumba cha chini ya ardhi chenye harufu ya rangi na kahawa. Nilikwenda kwa adabu tu, nikitarajia kuwaona wazee wakizungusha vitu vya watoto. Nilipofika nilikabidhiwa bunda la kadi. Kila behewa lilikuwa na kadi yake, iliyoandikwa mzigo, kituo cha kupakia na kituo cha kushusha. Wajibu wangu usiku ule ulikuwa kulitoa behewa la viazi kijijini, kulifikisha kiwandani, kisha kutafuta la kulipakia kabla ya kulirudisha. Nililirudisha tupu. Mzee akatikisa kichwa kwa huzuni kama ya baba, na mimi, mtu mzima mwenye tasnifu ya kurasa mia tatu mkononi, nikaona aibu.

Nimewahi pia kwenda Hamburg kuiona Miniatur Wunderland, maonyesho makubwa mno ya treni ndogo yaliyofunguliwa mwaka 2001. Yanastaajabisha: taa, milima, hata uwanja wa ndege. Lakini pale mtazamaji hutazama tu. Katika chumba kile cha chini ya ardhi niliwajibishwa. Waundaji hawa hutumia zaidi uwiano wa 1 kwa 87, ambapo reli pana ya milimita 1,435 hugeuka kuwa milimita 16.5. Mzee alipofahamu kwamba reli ya kwetu ni ya mita moja, alifungua kabati na kunipa kichwa cha treni cha njia ya milimita 12, mita moja iliyopunguzwa kwa uwiano huohuo. Kilikaa kwenye sanduku langu miaka mingi hadi binti yangu alipokifukua.

Sasa nirudi kwenye tawi la Bagamoyo, kwa kuwa hapo ndipo ninapodaiwa maelezo.

Kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi kwamba Mjerumani aliiua Bagamoyo kwa reli. Ni sentensi nzuri. Inakaa vizuri kwenye karatasi ya mtihani. Tatizo lake ni tarehe. Makao makuu ya koloni yalihamishwa kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam mwaka 1891, miaka kumi na minne kabla ya Reli ya Kati kuanza kujengwa. Yalihama kwa sababu ambayo mvuvi yeyote wa hapa angeweza kuieleza: bahari yetu ni ya kina kifupi na iko wazi. Maji yakipwa, majahazi hulala ubavu juu ya mchanga, na meli kubwa hulazimika kutia nanga mbali. Dar es Salaam ina bandari ya asili, yenye kina na kinga. Reli iliifuata bandari. Tena kabla injini haijafika Tabora, reli ya Mombasa ilikuwa imeshafika Kisumu, mwaka 1901, ikaanza kuvuta mizigo ya kanda ya Ziwa hata kutoka upande wa Wajerumani. Bagamoyo ilinyang'anywa mizigo kutoka pande mbili, na ikaendelea kuwa mji mzuri wenye milango ya nakshi.

Kabla ya hapo ilikuwa nayo mizigo. Pagazi wa Kinyamwezi alibeba kiasi cha frasila mbili, kama kilo thelathini na ushei, kwa safari ya miezi miwili hadi mitatu kati ya Tabora na pwani. Behewa moja la siku hizi la tani 40 ni sawa na wapagazi wapatao 1,300. Hesabu hiyo huwafurahisha wanafunzi. Lakini baba alipoisikia alinikumbusha jambo ambalo sikuwahi kulitilia mkazo darasani: misafara haikwenda bara mikono mitupu. Ilipanda na merikani, kaniki, shanga na waya wa shaba, ikateremka na pembe. Biashara ile, pamoja na dhuluma zake zote, ilijua mzigo wa kurudi. Na wapo waliofika kwenye ufukwe huu wakiwa wao wenyewe ndio mzigo. Hao hawakuwa na safari ya kurudi, na sitaki hesabu yangu ya frasila iwafunike.

Mizigo ndiyo iliyonifanya nitafute makala zangu za zamani. Mwezi Machi 2013, Rais wa China alipotembelea nchi yetu, ulitiwa saini mkataba wa mfumo kuhusu bandari mpya ya Bagamoyo. Oktoba 2015 Rais Kikwete aliweka jiwe la msingi. Juni 2019 Rais Magufuli alieleza hadharani kwamba masharti ya wawekezaji yalikuwa ya kukubaliwa na mwendawazimu tu. Katikati ya mwaka 2021 Rais Samia alisema mazungumzo yatafufuliwa. Katika vipindi vyote hivyo niliandika. Niliandika kuhusu mamlaka ya dola, kuhusu madeni, kuhusu miaka 99 ya ukodishaji iliyotajwa, kuhusu usiri wa mikataba. Ninasimama na niliyoyaandika. Hata hivyo nimezisoma upya makala zote nne, na hakuna hata aya moja ambamo niliuliza ni mzigo gani hasa ungepita Mbegani, utoke kwa nani, na makontena yangerudi na nini. Mpango ule ulikuwa na reli ndani yake, ya kuiunganisha bandari na Reli ya Kati. Niliipigia debe reli hiyo kwa sababu ileile iliyonifanya niichore kwenye ubao: nilitaka jina la mji wetu liandikwe stesheni.

Wenye kulipa gharama ya maswali yasiyoulizwa si sisi waandishi. Shangazi yangu ana shamba upande wa Mlingotini. Miaka mingi iliyopita maofisa walikuja, wakahesabu minazi na miembe yake, wakamwambia asiongeze mazao ya kudumu. Hajafahamishwa kwa maandishi lililofuata. Mnazi huchukua miaka sita au saba kuanza kuzaa vizuri. Angepanda siku ileile walipoondoka, leo angekuwa anaangua. Badala yake analima mihogo, na kila nikienda kumsalimu huniuliza, "Baba, wewe uliyesoma, hiyo bandari ipo au haipo?" Humjibu kwa sentensi ndefu. Yeye hunisikiliza kwa heshima, kisha hunifungia mihogo nikawape watoto.

Historia ya mizigo kwenye reli yetu ni fupi kuisimulia na inaumiza. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 reli ya mita moja ilisafirisha zaidi ya tani milioni moja kwa mwaka. Miaka kumi baadaye kiasi hicho hakikufika hata nusu. Katikati hapo palikuwa na ukodishaji wa mwaka 2007 uliovunjika, mafuriko ya Kilosa yaliyosomba tuta mwishoni mwa mwaka 2009, injini zilizochoka, na wateja waliochoka zaidi. Mfanyabiashara anaweza kuvumilia treni ya polepole. Treni isiyojulikana itafika lini haivumiliki. Mizigo ikahamia barabarani, na mtu akisimama Chalinze usiku mmoja atajua ilikokwenda.

Mwaka 2019 njia ya baba ilifufuliwa. Zikaanza treni za mizigo, na Desemba zikafuata za abiria hadi Moshi. Nilimpeleka kwa gari hadi mahali barabara ya vumbi inapokata reli, tukangoja karibu saa tatu tukila ndizi. Nilitarajia machozi, nikawa nimeandaa simu nimpige picha. Treni ilipopita alikuwa akihesabu kwa midomo. "Kumi na tisa," akasema. "Saba tupu." Nilimuuliza amejuaje, nayo yote yamefungwa milango. "Behewa tupu hulia," akajibu. "Lenye mzigo hunguruma." Tulirudi nyumbani akiwa na furaha, lakini zile saba zilimkera hadi usiku.

Agosti 2024, Rais alipoizindua rasmi reli ya kisasa ya Dar es Salaam hadi Dodoma, tuliitazama televisheni pamoja. Baba alipiga makofi, na makofi yake yalikuwa ya kweli. Mtu aliyeishi na treni iliyochelewa siku mbili anajua thamani ya treni inayoondoka kwa dakika. Kisha akauliza mizigo itaanza lini, na itahamishwaje. Swali la pili ndilo zito. Dar es Salaam leo ina reli za vipimo vitatu: milimita 1,000, milimita 1,067 ya TAZARA na milimita 1,435. Kontena linaloanza safari kwenye kimoja halimalizi kwenye kingine bila kunyanyuliwa, na kila kunyanyua kuna gharama na kuna siku zake. Binti yangu aligundua hivyo bila kufundishwa. Rafiki yake alimpa behewa la treni ya dukani, akalipachika kwenye reli yetu, likakaa juu ya mataruma kama ng'ombe aliyekataa kuvuka. "Babu, halifai," akasema. Babu akamjibu, "Linafaa. Halifai hapa."

Sisi tunaoandika na kupiga kura tumevutiwa mno na abiria. Abiria hupiga picha, hulalamika, huandika mtandaoni. Gunia halina akaunti. Mjadala mzima wa mwaka ule ulihusu nauli, kasi ya kilomita 160 kwa saa na usafi wa viti. Nilishiriki, na sioni vibaya, maana abiria ni raia. Ila reli yenye uwezo wa kubeba tani 35 kwa kila ekseli haikumwagiwa zege lote lile kwa ajili ya mabegi yetu. Mikopo yake italipwa na mizigo au italipwa na kodi. Watumishi wa umma wanaosoma hapa wanalijua hilo kuliko mimi, na ningependa walisema zaidi.

Jumamosi iliyopita tulirudi kwenye ubao. Tawi la Bagamoyo lilikuwa bado limechorwa kwa penseli, halijapigiliwa. Binti yangu alikuwa amekata kadi nyeupe kwa mkasi, baada ya kumsimulia habari za chumba kile cha Ujerumani, na juu ya kila kadi alikuwa ameandika namba ya behewa kwa mwandiko wa kulala, akimwiga babu yake.

"Mananasi," akamwambia. "Kutoka Kiwangwa."

"Kiwangwa iko kwenye barabara ya Msata," baba akasema. "Lori litafika Dar es Salaam kabla injini yako haijapata moto. Kwa nini mkulima aje kwako?"

Akafikiri. "Basi chumvi."

Baba akanyamaza. Bagamoyo ina mashamba ya chumvi, na chumvi ni nzito, haiozi, wala haina haraka. Ni mzigo wa reli hasa. Aliichukua kadi, akatoa kalamu kwenye mfuko wa shati na kuandika: chumvi, kupakia Bagamoyo, kushusha Tabora. Nilikwisha shika nyundo.

"Ngoja kwanza," akasema bila kunitazama. "Na kutoka Tabora?"

Binti yangu ameomba apewe hadi Jumamosi ijayo.